Magunia Bilioni Nne Dukani: Kutibu Hesabu za Namba Zisizo na Alama

"Fundi, mimi nimekuwa tajiri lini?"

Hivyo ndivyo mama mwenye agroveti moja hapa Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, alivyonipigia simu asubuhi moja ya Machi, wakati watu wa Nyando na Vihiga wanapigania mbolea ya kupandia. Skrini yake ilikuwa inasema ana magunia 4,294,967,293 ya DAP. Gunia moja ni kilo 50, kwa hiyo kistoo chake cha mabati kilikuwa kimebeba zaidi ya tani milioni 214. Programu hiyo niliiandika mimi mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Tangu siku hiyo nimekutana na ugonjwa huo ukiwa umebadili nguo: kwenye pampu ya maji, kwenye friji ya chanjo, kwenye picha za ziwa. Nimezipanga hapa dalili kama zinavyomfikia fundi, kwa sababu hakuna mteja atakayekupigia simu kusema namba yako imezunguka. Atakwambia mashine imerogwa.

Kwanza, saa ya ukutani

Namba kamili ya biti 32 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1) ina nafasi 4,294,967,296 tu. Ukichagua aina yenye alama (signed), nusu ya nafasi hizo ni za namba hasi, na unapata kuanzia −2,147,483,648 hadi 2,147,483,647. Ukichagua isiyo na alama (unsigned), unaanzia sifuri na kuishia 4,294,967,295. Wengi wetu tuliambiwa kwamba hii ya pili ni "namba isiyoweza kuwa hasi", tukaelewa kwamba ukijaribu kuishusha chini ya sifuri itakataa. Haikatai hata kidogo. Inazunguka.

Tazama saa ya ukutani. Ni saa mbili asubuhi. Rudisha mshale nyuma kwa saa tatu. Utapita saa moja, utapita saa kumi na mbili, utatua kwenye saa kumi na moja alfajiri. Mbili kutoa tatu imekuwa kumi na moja, na hakuna anayeipeleka saa kwa fundi kwa sababu hiyo. Lugha za programu C na C++ zinaagiza jambo hilo hilo: jibu la namba isiyo na alama hugawanywa kwa ukubwa wa duara, ikachukuliwa baki. Usiilaumu kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), imetii sheria iliyoandikwa. (Kwa namba zenye alama ni mbaya zaidi: zikifurika katika C hakuna sheria yoyote, na kompaila ina ruhusa ya kufanya inavyotaka. Lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine.)

Zikariri hizi nne: 255, 65,535, 4,294,967,295 na 18,446,744,073,709,551,615. Ndivyo vilele vya biti 8, 16, 32 na 64. Ukiona kwenye skrini namba iliyo chini kidogo ya mojawapo, umeshapata nusu ya jibu. Ukiona iliyo jirani na 2,147,483,647, huo ni ugonjwa wa namba zenye alama, usiupe dawa hii.

Dalili: palipokuwa na namba ndogo pametokea namba ya kutisha

Hii ndiyo ya agroveti. Kabla ya kugusa msimbo, isome namba yenyewe. Chukua 4,294,967,296, toa 4,294,967,293. Inabaki 3. Basi jibu lililofichwa ni −3: mtu ameuza magunia matatu zaidi ya yaliyokuwa kwenye kumbukumbu. Hesabu hiyo ya sekunde tano inakupa kitu cha kutafuta kwenye daftari la mauzo, na mara nyingi inakuokoa saa nzima ya kusoma msimbo.

Uwe mwangalifu na mahali unapoisomea namba hiyo. Ukurasa wa wavuti unaotumia JavaScript hauwezi kushika kwa usahihi namba kamili zote zinazopita 9,007,199,254,740,992, kwa hiyo kilele cha biti 64 utakiona kimeandikwa 18446744073709552000. Sifuri tatu hizo za mwisho huwapoteza watu. Wanadhani ni namba nyingine. Excel nayo hushika tarakimu 15 tu, itakuonyesha 1.84467E+19 na kukuacha hapo. Nenda ukaisome kwenye hifadhidata au kwenye logi.

Sasa msimbo. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kinga nilikuwa nimeiweka (`uint32_t` ni namba ya biti 32 isiyo na alama):

```c
uint32_t stoki = 5;
uint32_t uza   = 8;

if (stoki - uza < 0) {
    kataa("Mzigo hautoshi");
}
stoki = stoki - uza;
```

Isome tena hiyo `if`. Kutoa kunafanyika kwanza, ndani ya duara la namba zisizo na alama, jibu linakuwa 4,294,967,293, ndipo tunauliza kama ni dogo kuliko sifuri. Hakuna namba kwenye duara hilo iliyo chini ya sifuri. Swali lina jibu moja siku zote, na kompaila ikilijua hilo inaweza kuufuta mstari wote. Nilikuwa nimeajiri mlinzi kipofu nikamweka langoni.

Dawa ni kulinganisha kabla ya kutoa:

```c
if (uza > stoki) {
    kataa("Mzigo hautoshi");
} else {
    stoki -= uza;
}
```

Kosa hilo hilo hujificha mahali pengi. `strlen(a) - strlen(b) > 0` haiulizi kama neno la kwanza ni refu zaidi. Inauliza kama urefu unatofautiana. Andika `strlen(a) > strlen(b)` ulale.

Nilirekebisha, nikaondoka, na baada ya siku mbili mama akapiga tena. Safari hii mashine ilikuwa inakataa kuuza, na wateja wamesimama kaunta na pesa mkononi. Ndipo nilipoketi kwenye benchi la nje nikatazama jinsi duka linavyoendeshwa. Lori la mbolea linafika alfajiri. Magunia yanaanza kuuzwa yangali juu ya lori. Karatasi ya mzigo inaingizwa kwenye kompyuta jioni, kijana wa stoo akishapata nafasi ya kuketi. Stoki ya −3 saa nne asubuhi ilikuwa habari ya kweli: mzigo upo, karatasi bado. Mimi niliyechagua `uint32_t` ndiye niliyeamua, bila kumuuliza mtu, kwamba hali hiyo haipo duniani.

Tukabadilisha safu ile ya stoki ikawa ya namba zenye alama, na namba hasi ikaruhusiwa kuonekana.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua wapo watakaonipinga: kitu chochote utakachokitoa kutoka kwa kingine kipe aina yenye alama. Salio, stoki, umri, umbali, idadi. Mwongozo wa C++ wa Google nao unakataza kutumia aina isiyo na alama kwa ajili tu ya kutangaza kwamba kitu hakiwezi kuwa hasi. Aina hizi zina kazi yake halali, nitaifikia kwenye pampu.

Dalili: programu inaanguka asubuhi tu

Fundi mwenzangu alihangaika na hii wiki nzima. Ripoti ya mauzo ilikuwa inaanguka saa moja asubuhi, lakini akifika yeye saa tatu na laptopu yake inafanya kazi bila kusumbua. Tofauti ya saa moja na saa tatu ni mteja wa kwanza.

```cpp
for (size_t i = 0; i < mauzo.size() - 1; i++) {
    linganisha(mauzo[i], mauzo[i + 1]);
}
```

Kabla ya kuuza chochote orodha ni tupu, `size()` ni 0 isiyo na alama, hapa ya biti 64, na 0 kutoa 1 ni 18,446,744,073,709,551,615. Kitanzi kinaanza safari ndefu ya kusoma kumbukumbu isiyo yake hadi mfumo unaiua programu. Mteja wa kwanza akinunua sindano ya kuku ya shilingi hamsini, orodha ina kitu kimoja, 1 kutoa 1 ni 0, kila kitu shwari. Andika `i + 1 < mauzo.size()`, upande wa kujumlisha badala ya kutoa.

Ndugu yake ni kitanzi cha kurudi nyuma:

```cpp
for (size_t i = n - 1; i >= 0; i--)
```

Hakiishi, kwa kuwa `i >= 0` ni kweli daima; ikipita sifuri inaruka kileleni. Njia inayokubalika ni `for (size_t i = n; i-- > 0; )`. Ina sura ya ajabu lakini inafanya kazi hata `n` ikiwa sifuri. Kwenye C++20 kuna `std::ssize`, inayokupa urefu wenye alama, na unaandika kitanzi cha kawaida kama binadamu. Wanaoandika lugha ya Go hawapati taabu hii kwa kiasi hicho, maana `len` hurudisha `int`.

Dalili: friji imeganda, kengele inasema joto limezidi

Agroveti huweka chanjo za mifugo, na nyingi kati yake hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikigandishwa, baadhi zinaharibika bila hata kubadili rangi. Tuliweka kihisi ndani ya friji na kengele ya ujumbe wa simu. Usiku mmoja friji ikapitiliza ikafika nyuzi −1. Ujumbe ukaja: JOTO LIMEZIDI. Mlinzi, mtu mwaminifu, akaamka akaongeza baridi.

```c
int joto = -1;
unsigned int chini = 2;
unsigned int juu   = 8;

if (joto > juu)        tuma("JOTO LIMEZIDI");
else if (joto < chini) tuma("BARIDI IMEZIDI");
```

C ikikuta `int` na `unsigned int` pande mbili za ulinganisho, haifikirii maana yake. Inaibadili ile yenye alama iwe isiyo na alama, kimya kimya. −1 inakuwa 4,294,967,295, na hiyo kweli ni kubwa kuliko 8. Kwa kompyuta, friji ilikuwa imepita joto la jua.

Dawa hapa ni kufanya mipaka yote iwe `int`. Nyuzi joto ni kitu kinachoshuka chini ya sifuri. Kisumu hatukijui hicho barabarani, ndiyo maana hakikunijia akilini. Ukilazimika kulinganisha aina mbili tofauti, C++20 ina `std::cmp_less` na `std::cmp_greater` zinazolinganisha thamani jinsi ulivyofundishwa darasa la saba.

Kitu cha kuchanganya: lau ningetumia `uint8_t` kwa ile mipaka, kengele ingesema kweli. Aina ndogo kuliko `int` hupandishwa kuwa `int` kabla ya hesabu, na hapo 2 na 8 zinabaki 2 na 8, na −1 inabaki −1. Msimbo ule ule, aina ndogo zaidi, jibu sahihi. Ukishangaa kwa nini mfano wako mdogo wa majaribio haurudishi kosa la mteja, angalia kama umebadili upana wa aina.

Dalili: umeitanua namba, bado ni mbaya

Fundi anaambiwa tatizo ni biti 32, anakwenda mbio kuweka 64:

```c
uint32_t jana = 110, leo = 100;
int64_t tofauti = leo - jana;   // 4294967286
```

Sufuria kubwa haiokoi uji ulioungua kwenye ndogo. Kutoa kumefanyika kwa biti 32, kumezunguka huko huko, ndipo jibu likamiminwa kwenye biti 64. Tanua kwanza: `(int64_t)leo - (int64_t)jana`, unapata −10.

Kuzidisha kuna mtego wake. `uint16_t` mbili zikizidishwa kwenye mashine yenye `int` ya biti 32, zote mbili hupandishwa kuwa `int` yenye alama. 65,535 mara 65,535 ni 4,294,836,225, ambayo haitoshi humo, na sasa uko kwenye lile eneo lisilo na sheria ingawa hukuandika aina yenye alama popote. Geuza mmojawapo kuwa `uint32_t` kabla ya kuzidisha.

Dalili: picha ina madoa meupe pasipokuwa na kitu

Python yenyewe haina ugonjwa huu, namba zake hukua kadiri kumbukumbu inavyoruhusu. NumPy, maktaba yake ya hesabu, inao. Mwanafunzi mmoja alikuwa anafuatilia gugu maji kwenye Ghuba ya Winam kwa kutoa picha ya jana kutoka ya leo, ili pale palipobadilika paonekane. Maji matulivu, ambayo hayakuwa na kitu jana wala leo, yakatokea yanameremeta kama mabati mapya.

Pikseli huhifadhiwa kama `uint8`. Maji yalikuwa 60 jana, leo ni 50 kwa sababu ya wingu dogo. 50 kutoa 60 ni 246, karibu nyeupe kabisa. Alijaribu `np.abs` baada ya kutoa, haikusaidia kitu, kwani 246 tayari ni chanya. Hakuna alama ya kuondoa. Badili aina kabla:

```python
tofauti = leo.astype(np.int16) - jana.astype(np.int16)
```

Au tumia `cv2.absdiff` ya maktaba ya picha ya OpenCV, inayotoa tofauti kamili bila kuzunguka. `cv2.subtract` nayo haizunguki, bali hukomea sifuri, na hiyo inafaa tu kama mabadiliko ya upande mmoja ndiyo unayoyataka.

Dalili: imefanya kazi vizuri wiki saba, kisha ikakwama

Pampu ya shamba la mboga upande wa Ahero ilikuwa inaongozwa na kibodi cha Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta ya kuongozea vifaa, si kibodi ya kuchapia): maji dakika ishirini, pumziko saa sita, tena na tena. Kwa mwaka mzima hatukusikia lalamiko. Kisha mwenye shamba akaachana na stima, akafunga sola na betri nzuri. Muda si mrefu simu ikalia: pampu haizimi, kitalu cha sukuma kimekuwa bwawa la kambare.

Sote tulilaumu sola. Kosa lilikuwapo tangu siku ya kwanza, na kilichokuwa kinalificha ni stima kupotea. Kaunta ya `millis()` huhesabu milisekunde tangu kibodi kiwake, kwa biti 32 zisizo na alama, na hujaa baada ya siku 49, saa 17, dakika 2 na sekunde 47. Kule shambani stima haikuwahi kukaa siku 49 bila kupotea. Kila ilipopotea na kurudi, kaunta ilianza sifuri, na sisi tukahesabiwa kuwa mafundi hodari. Windows 95 na 98 ziliwahi kuganda baada ya siku 49.7 kwa hesabu hii hii, kwa hiyo hatukuwa wa kwanza.

Msimbo uliokosea:

```c
unsigned long mwisho = millis() + muda;
...
if (millis() >= mwisho) zima();
```

`mwisho` inapohesabiwa karibu na kilele kuna njia mbili za kuharibika. Ikizunguka ikawa namba ndogo, pampu inazima papo hapo. Ikibaki chini kidogo ya kilele na kibodi kikachelewa kidogo kwenye kazi nyingine, kaunta inaruka kwenda sifuri kabla ya kulinganishwa, na pampu inangoja duara zima lijalo. Sisi tulipata ya pili.

Ulio sahihi:

```c
unsigned long mwanzo = millis();
...
if (millis() - mwanzo >= muda) zima();
```

Hapa ndipo kuzunguka kunapokuwa rafiki. Rudi kwenye saa ya ukutani. Umeanza kazi saa kumi na moja, sasa ni saa mbili. Umefanya kazi kwa muda gani? Mbili kutoa kumi na moja ni −9, na kwenye duara la kumi na mbili hiyo ni 3. Saa tatu, jibu sahihi, japo mshale ulipita kumi na mbili katikati. Kutoa kule kule kulikoniletea magunia bilioni nne kunaipa pampu jibu sahihi hata kaunta ikijaa, mradi muda unaoupima ni mfupi kuliko duara zima. Saa, kaunta, biti za vifaa, hesabu za kuchanganya data: hizi ndizo kazi ambazo aina isiyo na alama ilizaliwa kuzifanya.

Ila kutoa huko kunafaa tu kama duara halivunjwi. `mwanzo` lazima iwe `unsigned long`. Ukiiweka kwenye `int`, ambayo kwenye Uno ina biti 16, itaharibika baada ya sekunde 32 na kidogo. Na ukihamia kibodi cha biti 32 ukatumia `uint16_t` kubana nafasi, ile kupandishwa kuwa `int` niliyoitaja kwenye friji itakurudia: `sasa - mwanzo` itatoka hasi badala ya kuzunguka. Irudishe kwenye duara lake: `(uint16_t)(sasa - mwanzo)`.

Kuna mwingine wa Uno ambao nimeuona mara tatu kwa watu watatu. Mtu anaandika `unsigned long muda = 60 * 1000;` akitaka dakika moja. Zote mbili ni `int` za biti 16, kilele chake ni 32,767. 60,000 inafurika na kwa kawaida inatoka −5,536, kisha ikiwekwa kwenye `unsigned long` inakuwa 4,294,961,760. Pampu inangoja karibu siku 50 badala ya dakika. Andika `60UL * 1000`.

Huna haja ya kukaa siku 49 ili kujaribu dawa. Isogeze saa mbele:

```c
unsigned long sasa() {
    return millis() + 4294960000UL;
}
```

Tumia `sasa()` kila mahali badala ya `millis()`, na kaunta itajaa sekunde saba baada ya kuwasha. Utaona kwa macho yako kama pampu inazima.

Dalili: hifadhidata imekataa kabisa

MySQL ikikuletea kosa namba 1690, ikisema thamani ya `BIGINT UNSIGNED` imetoka nje ya mipaka, shukuru. Matoleo ya kabla ya 5.5.5 yalikuwa yanakupa 18446744073709551615 bila kusema neno, na ripoti inaenda kwa mkubwa hivyo hivyo. Tumia `CAST(stoki AS SIGNED) - CAST(uza AS SIGNED)`, au washa hali ya `NO_UNSIGNED_SUBTRACTION` kama swali hilo limetapakaa kila mahali. PostgreSQL haina aina hizi kabisa, na sijawahi kumsikia mtu wa Postgres akizililia.

Dalili: kwangu inalia, kwa mteja inanyamaza

Hiyo ni lugha ya Rust. Ukijenga kwa hali ya majaribio, kutoa kunakopita sifuri kunasimamisha programu. Ukijenga toleo la kumpelekea mteja, kwa mipangilio ya kawaida, inazunguka kimya. Tumia `checked_sub` pale unapotaka kujua, `saturating_sub` unapotaka ikomee sifuri, `wrapping_sub` kwa saa na kaunta. Mtu atakayesoma baada yako ataelewa ulikusudia nini. Swift husimamisha programu kwa hali zote mbili za kawaida, hadi uandike `&-` kwa mkono wako.

Java ni kinyumenyume: haina aina hizi isipokuwa `char`, na shida inatoka upande wa pili. Mzani wa omena uliounganishwa kwa waya unatuma baiti 200, Java inaisoma kama −56, na muuzaji anaambiwa samaki wake wana uzito hasi. `b & 0xFF`, au `Byte.toUnsignedInt(b)` kuanzia Java 8, inamaliza.

Kuwatafuta kabla hawajakutafuta

Kompaila za GCC na Clang zina maonyo mazuri ambayo watu huyazima kwa sababu yanapiga kelele. `-Wall -Wextra` yangenionya kuhusu ile kengele ya friji, na kwa GCC `-Wextra` ingenionya pia kuhusu mlinzi kipofu. Ongeza `-Wconversion -Wsign-conversion` kwenye msimbo mpya. Kwenye msimbo wa zamani utapata mafuriko ya maonyo, basi anza na faili zenye pesa. Kumbuka kwamba `-fsanitize=undefined` haikamati kuzunguka huku, kwa kuwa ni halali kisheria. Clang ina `-fsanitize=unsigned-integer-overflow` kwa kazi hiyo. Itakulalamikia hata pale unapozunguka kwa makusudi, kama kwenye `sasa()` ya pampu, na hapo unaikubalia tu unaendelea.

Kule dukani, programu bado ni ile ile, imebadilishwa aina na rangi. Skrini ikionyesha −3 kwa wekundu saa nne asubuhi, mama hanipigii simu tena. Anamwita kijana wa stoo amuulize karatasi ya mzigo ameiacha wapi.